Kopo Lilinipa Damu

Jumatatu, 3 Machi

Wewe Godoro, kama umelifungua daftari hili, lifunge. Lifunge sasa hivi, na huo mkono uliotoka kujikuna nao uupeleke kwenye maji. Mwanamume wa miaka thelathini na minne, kitinda mimba wangu, unalala mpaka jua linachoka kukungoja, halafu nguvu za kupekua vitu vya mama yako unazipata! Jina la Godoro sikukupa kwa utani. Wewe na hilo godoro mkitenganishwa, sijui ni yupi atakayelia kwanza.

Haya ni maandishi ya shule. Mwalimu ameagiza kila mwanafunzi aandike, kwa lugha anayoiota usingizini, habari za neno lake la Kiingereza mpaka muhula uishe. Sisi ni darasa la watu wazima, tunakutana jioni kwenye ukumbi ulio nyuma ya zahanati. Mimi shule niliiacha darasa la tatu, nikaenda kufua mashuka ya hoteli mpaka hoteli yenyewe ikachakaa nikaiacha. Kusoma najua. Kuandika ndiyo hivi. Kiingereza nakitaka kabla sijafa, nijue wale wageni walikuwa wakinong'ona nini juu ya kichwa changu miaka yote ile.

Mwalimu wetu ni kasichana kembamba kama sindano, lakini ana amri. Ana kopo la maziwa ya unga, ndani yake vikaratasi. Unatia mkono, unatoa neno, na hilo neno unalilea muhula mzima kama kifaranga. Unaliulizia kwa watu, unalitega kwenye redio, unalifuata kwenye kamusi yake kubwa iliyofungwa kamba, mpaka ujue linakula nini na linalala wapi. Siku ya mwisho unasimama na kulitolea hesabu. Kubadilisha hakuna.

Fundi katia mkono kabla yangu, akatoa bloom. Kuchanua. Darasa zima likamwambia hongera kama kajifungua. Fundi ni mshona nguo, tena ndiye mama wa mume wa binti yangu, kwa hiyo ni mkwe wangu, nipende nisipende. Nikatia mkono mimi, nikatoa blood.

Damu.

Nikamwambia Mwalimu hiki nakirudisha. Akasema, "Bibi, kopo halirudishiwi." Nikamwambia binti yangu ana mimba ya miezi mitano. Ya kwanza ilitoka. Ya pili mtoto alizaliwa, akageuka wa manjano kama kiini cha yai, akafa siku ya pili. Mtu wa namna yangu hapewi neno la namna hii. Fundi akasema polepole, "Mkwe, tubadilishane, chukua langu."

Sitaki chake. Tulipomzika yule mtoto, huyu huyu alisema ukoo wetu hauna damu ya kushika mimba. Na mimi nikamjibu iliyooza ni yao. Tangu siku hiyo ni salamu tu, na salamu zenyewe zinatoka kwenye meno.

Karatasi nimeifunga kwenye pindo la nguo. Inaniwasha kama upupu.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua ya kwanza. Godoro amelala.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeifungua kamusi kamba yake. Nilidhani damu itakuwa na mstari mmoja: kitu chekundu kinachotoka ukijikata. Lo! Limejaza ukurasa, limevuka la pili. Lina watoto, lina wajukuu. Kutokwa nalo ni bleed. Macho ya mlevi yana damu yake. Farasi wa mbegu nzuri ana damu yake. Mtu mpya akija kazini, wazungu husema ni damu mpya, kama vile ofisi ina mishipa. Watu wakichukiana wanasema baina yao pana damu mbaya. Hapo nikaifunga kamusi kidogo, nikamtazama Fundi. Alikuwa anafuatisha mistari ya neno lake kwa ncha ya kidole, kama anayekagua mshono.

Mtu akiua bila hasira, anakula chakula chake na kulala, wanasema kaua kwa damu baridi. Hili nililielewa kabla Mwalimu hajamaliza. Miaka yangu yote ya kufua, damu tunaitoa kwa maji baridi. Ukiitia maji ya moto unaipika, inang'ang'ania kwenye uzi na haitoki tena hadi shuka linachanika. Nikalisema darasani. Mlinzi wa soko, anayelea neno key, ufunguo, akaniuliza, "Bibi, sasa wewe hiyo damu ulikuwa unafua ya nani?" Wakacheka. Na mimi nilicheka, ingawa sikupenda.

Jumatano, 19 Machi

Leo niandike mengi.

Binti yangu aliitwa hospitali kubwa, akatusihi twende wote wawili, mimi na Fundi, maana mumewe yuko safarini na lori. Tukakaa benchi moja, mkoba wangu katikati yetu kama mpaka wa shamba. Daktari ni mwanamke wa makamo, ana sauti ya mtu asiyerudia jambo.

Akasema damu ya binti yangu ni ya kundi O, hasi. Ya mumewe ni chanya. Wenye damu hasi ni wachache sana huku kwetu. Si ugonjwa, si laana, mtu anaishi nayo mpaka uzee bila kujua. Shida inakuja tumboni. Mtoto akirithi ya baba, na tone la damu yake likapenya kwa mama, mwili wa mama unaliona kama mwizi kaingia nyumbani. Unaandaa askari. Mimba ya kwanza askari hawajakomaa. Ya pili wanakuwa wameshapata silaha, wanavuka kwenda kwa mtoto na kuivunjavunja damu yake. Ile manjano ya yule mjukuu wetu ilikuwa ni damu iliyovunjika.

Nikamuuliza, "Sasa damu mbaya ni ya nani?"

Daktari akanitazama. "Hakuna mbaya, mama. Zote mbili nzuri. Hazijuani tu."

Nimefua, nimezaa, nimezika, na siku zote nilidhani damu ni maji ya rangi. Kumbe ina kumbukumbu! Inamjua wa kwake na inamkataa mgeni, bila mwenyewe kuambiwa. Binti yangu amekaa pale na mikono tumboni, anampenda huyo mtoto kuliko pumzi yake, na ndani ya mwili ule ule kuna askari wananoa mapanga. 

Kuna sindano ya kuwazuia wale askari, lakini ilitakiwa ichomwe baada ya mimba ya kwanza. Ile ilitoka nyumbani, hatukujua. Sasa ni kuchunguza kila baada ya muda. Mtoto akielemewa watamtoa mapema, kisha watamtoa damu yote na kumwekea nyingine. Nikasema rudia. Akarudia, yeye asiyerudia. Watamtoa damu yote, kidogo kidogo, na kumwekea nyingine, kidogo kidogo. Hiyo nyingine lazima iwe O hasi, mbichi, ya juzi au ya jana. Benki yao ya damu haina akiba. "Anzeni kutafuta kwa ndugu wa mama," akasema.

Tulipotoka mvua ilikuwa inapiga. Fundi akafungua mwavuli, akausogeza upande wangu. Nikalowa makusudi nusu ya njia. Nusu nyingine nikaingia.

Ijumaa, 21 Machi

Nilikwenda benki ya damu mwenyewe. Wakanipima: O hasi, sawasawa na binti yangu. Nikapandisha mkono wa nguo, nikawaambia toeni. Muuguzi akasema umri wangu umepita, tena presha iko juu. Nikamwambia presha imepanda kwa sababu yake. Hakucheka. Nimerudi nayo yote nyumbani, damu ninayo, haina kazi.

Jumamosi, 22 Machi

Nimemweleza Godoro habari yote, nikamwambia wewe ndiye ndugu pekee wa dada yako. Akajigeuzia ukutani. Huyu nikichinja kuku anazimia kabla ya kuku. Nikamwambia, "Damu yako hata mbu anaionja na kuiacha."

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Godoro amelala.

Jumatano, 2 Aprili

Leo nimefurahi. Neno la Fundi limeumbuka. Mwalimu amesema huko Uingereza watu wakikasirika hutukana kwa neno langu, wanasema bloody. Wale wenye haya, wanaoogopa kutukana mbele ya mama zao, huchukua neno la Fundi na kusema blooming. Blooming mvua, blooming basi limechelewa. "Kwa hiyo ua lako ni tusi lililovaa gauni," nikamwambia Fundi. Nilitegemea anune. Akacheka mpaka akafuta machozi kwa utepe wa kupimia. "Mkwe, kumbe tumepewa tusi moja tukagawana!"

Nikajikuta na mimi nimecheka. Sijui ilitokea vipi.

Akanieleza aliyoyakusanya. Maua ya waridi yana bloom, lakini ya miti ya matunda wanayaita blossom, kwa sababu hayo yana matumaini ya kuliwa. Ule ungaunga mweupe juu ya zabibu, ambao ukigusa unabaki na alama ya kidole, nao ni bloom. Wahunzi wa zamani walipoyeyusha mawe ya chuma, lile bonge lenye moto linalotoka tanuruni nalo waliliita bloom. Ungaunga usiovumilia kidole, na chuma kinachopigwa nyundo, jina moja. Nikasema hawa watu walikuwa na akili au walikuwa na uhaba wa maneno? Mwalimu akasema, "Bibi, vyote viwili."

Halafu Fundi akasema kuna msemo, late bloomer, mtu anayechelewa kuchanua. Akanitazama kwa pembe ya jicho. "Kama mwanao wa mwisho." Nikamwambia hakuna mti unaochanua umelala chali.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Godoro hayumo kitandani. Asubuhi! Nikadhani nyumba imeingiliwa.

Alhamisi, 10 Aprili

Maini niliyomwekea binti yangu yameliwa. Mboga za majani, sufuria nzima, zimeliwa. Maharage nayo. Mwizi ni mmoja, na anafuta mdomo mbele yangu. "Mama, njaa tu." Mjamzito ni dada yako, wewe una mimba ya nini?

Jumatano, 23 Aprili

Mwalimu kanipa kitu leo kikanitoa usingizi wa miaka.

Pale hotelini mgeni akipiga chafya, mwenzake alikuwa akimwambia bless you. Nililisikia mara nyingi kuliko jina langu. Nilijua ni baraka. Leo Mwalimu kaifungua kamusi nyingine, nene zaidi, aliyoazima, akasema neno hili bless lilitoka tumboni mwa neno langu. Zamani za kale, kabla hawajapata dini waliyo nayo, watu wale walipaka damu juu ya kitu ili kiwe kitakatifu. Kupaka damu ndiko kukawa kubariki. Kisha damu ikakauka, watu wakaisahau, neno likabaki safi kama shuka jipya.

Nikamwomba anionyeshe mstari. Nikauwekea kidole. Mimi niliyelitaka neno lingine kwa sababu hili lilikuwa na mkosi!

Fundi akauliza, "Na langu? Halihusiani?" Mwalimu akasita. Akasema wako wataalamu wanaodhani blood na bloom ni ndugu wa shina moja la kale sana, lenye maana ya kufura na kufumuka, kitu kinachotoka ndani kwa nguvu. Wako wengine wanaokataa. Bado wanabishana.

"Basi ni ndugu," akasema Mlinzi. "Wasingekuwa ndugu wasingebishaniwa."

Hatukuangaliana, mimi na Fundi. Lakini tulitoka kwa mlango mmoja.

Ijumaa, 2 Mei

Binti kavimba miguu. Mvua haikati. Godoro anatoka alfajiri na kurudi jioni, haniambii aendako. Nimemuuliza kama ni mwanamke. Akasema si mwanamke. Ni kamari? Si kamari. Basi ni nini? "Mama, niache kidogo."

Alhamisi, 15 Mei

Hili lazima niliandike.

Leo nimefua. Shati jeupe la Godoro, mkono wa kushoto, ndani ya kiwiko, lina doa. Dogo, la mviringo, kahawia pembeni. Nikalitazama juani. Mimi doa la damu halinidanganyi, hata likijificha kwenye ua la kitambaa. Tena lilikuwa limeshapikwa: mtu kalifua kwa maji ya moto kwa kuhofia lionekane. Mtu asiye na la kuficha angeniletea mimi.

Damu ndani ya kiwiko. Kutoka alfajiri. Kula kama aliyetumwa. Kukaa kimya. Mtaa wa nyuma nimeona vijana wanaojidunga sindano za kulewea, nimeona mikono yao. Nikamngoja mlangoni na shati mkononi.

"Hii nini?"

Akabadilika rangi. "Mama, ni sindano, lakini si—"

"Sindano! Umetamka mwenyewe! Dada yako anatafutiwa damu mji mzima, na wewe yako unaitia sumu!"

"Nisikilize."

"Nimekusikiliza miaka thelathini na minne ukikoroma. Toka."

Akasimama pale, mvua inamdondokea shingoni. Nilidhani atanijibu. Aliinama akavua viatu vyangu vya ndani alivyokuwa kavaa, akavipanga mlangoni sawasawa, akaondoka pekupeku. Hakuchukua chochote. Godoro lake bado lina shimo la mgongo.

Nimefanya lililostahili.

Ijumaa, 16 Mei

Mvua.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua. Nyumba haina mkoromo. Sikujua ukuta unasikika hivi.

Jumatano, 28 Mei

Tumekwenda kwenye mashine ya kumwangalia mtoto. Daktari aliniruhusu nisimame karibu. Kwenye kioo kulikuwa na giza la kijivu, kisha akabonyeza kitu, na ndani ya kichwa cha mtoto ukatokea mshipa, unawaka. Nyekundu na samawati, unapigapiga. Nyekundu inakuja upande wetu, samawati inakwenda, alisema. Kisha akatusikilizisha. Shwaa, shwaa, shwaa, kama mtu anayefagia kwa haraka kabla wageni hawajaingia.

Nilishika kitanda. Mtu hajazaliwa, hana jina, na mimi nimeiona damu yake ikitembea kichwani, pengine ikibeba wazo lake la kwanza.

Binti akauliza kama ni nzuri. Daktari akasema inakimbia mno. Damu ikipungua uzito hukimbia. Wale askari wanashinda. Wiki mbili zaidi tumboni, kama ataweza, kisha watamtoa. "Mtoaji mmepata?"

Nikainamisha kichwa. Fundi, aliyesimama nyuma yangu, akasema, "Yuko mmoja, tunamwandaa." Nikadhani anamliwaza binti tu. Kwenye ngazi nikamuuliza ni nani. Akasema, "Mkwe, nimeapa nisiseme." Nikamwambia huu si wakati wa viapo. Akasema, "Ndiyo maana nakishika."

Jumapili, 1 Juni

Darasa zima limekwenda kupimwa. Mlinzi, muuza mkaa, mama wa duka la sabuni, Mwalimu mwenyewe na mikono yake myembamba kama sindano. Wote chanya. Mlinzi kaomba radhi kama aliyechelewa msiba. Nimewapikia chai wote.

Jumanne, 10 Juni

Daktari kasema ni keshokutwa. Benki bado haina kitu.

Alhamisi, 12 Juni

Asubuhi nilimwacha binti analazwa, nikaenda benki ya damu. Sikuwa na la kufanya pale. Nilitaka niwaombe wanipime presha tena, waandike uongo, wanitoe damu.

Chumba cha kutolea kina pazia fupi. Chini ya pazia, kwenye kitanda cha kwanza, miguu ilikuwa imening'inia nje, mirefu kuliko kitanda. Kisigino cha kulia kina kovu la kipande cha chupa. Kovu lile nililifunga mimi kwa kitambaa cha shuka la hoteli, akiwa na miaka sita, anapiga kelele mtaa mzima ukatoka.

Nikavuta pazia.

Godoro amelala chali, macho kayafumba kama anayesubiri kofi, jasho linamtiririka. Mpira mwekundu unatoka ndani ya kiwiko chake kwenda chini, kwenye mfuko unaotikiswa polepole na mashine kama mtoto anabembelezwa. Mkono mwingine kaushika Fundi. Anamsimulia habari za suruali. "Kisha nikamwambia mteja, makalio yako si kosa la fundi..." Aliponiona akasogea kunipisha, mkono hakuuachia.

Muuguzi ndiye aliyenieleza, akidhani najua. Kijana alikuja tangu Aprili. O hasi. Walimtoa kidogo ya kupima, akazimia, damu yenyewe ikaonekana nyepesi, wakamwambia akale maini, maharage na mboga za majani, arudi. Akarudi Mei, wakatoa tena ya kupima, haijatosha. Akarudi tena juzi, ikatosha. Alfajiri zote zile alikuwa anabeba majora ya vitambaa kwenye karakana ya Fundi, apate pesa ya maini yake mwenyewe, maana ya kwangu niliyapigia kelele. Na tangu Mei alikuwa analala huko, juu ya mabaki ya vitambaa.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

Hakufumbua macho. "Ningezimia tena, Mama, wakanirudisha, ungenisema mpaka kaburini. Nilitaka kwanza iwe imetoka."

Alimwendea Fundi. Mimi niliyemzaa, akamwendea Fundi, kwa sababu Fundi hangemcheka. Hilo limeingia na limekaa. Sitaliandika zaidi.

Kisha akajaribu kuinuka, kwa adabu, kwa kuwa mama yake kasimama. Muuguzi akapiga kelele. Na mimi kwa mara ya kwanza tangu nimlete duniani nikamwambia, "Lala. Lala hapo hapo, usiamke mpaka nikuambie."

Fundi alicheka kwanza. Kisha muuguzi. Godoro machozi yakamtoka pembeni, yakaingia masikioni.

Nikaushika mfuko, muuguzi aliponiruhusu. Ulikuwa na joto. Sikutegemea joto. Kama mkate uliofunikwa.

Ijumaa, 13 Juni

Ni msichana. Alizaliwa jana mchana, mdogo kama kiatu, akalia kama mlango usiotiwa mafuta. Ilipofika asubuhi alikuwa ameanza ile manjano. Niliijua. Fundi naye aliijua. Tulishikana mikono bila kujua nani kaanza.

Wakatuweka nyuma ya kioo. Daktari aliketi. Kwenye kitovu cha mtoto walikuwa wamepitisha mpira mwembamba kama uzi. Anavuta kidogo kwa bomba la sindano, anamwaga. Anavuta kidogo kutoka kwenye mfuko wa Godoro, anamwingizia. Anangoja. Anavuta kidogo. Hana haraka, kama mtu anayetoa maji kisimani kwa kijiko na kuyarudisha mengine, na kisima kisijue. Mtoto alikuwa na macho wazi.

Niliwahi kudhani ukimtoa mtu damu yake yote anakuwa mtu mwingine, au hayupo. Huyu alikuwepo. Alikunja ngumi, akapiga miayo. Walimtoa damu yote, wakamwekea ya mjomba wake mvivu, na bado ni yeye. Nani aliwafundisha watu hivi? Nani wa kwanza aliyethubutu? Nilisimama pale na magoti yangu haya mabovu, sikukaa, maana niliona kukaa ni utovu wa adabu.

Mchana ukapinda. Wakati mmoja daktari aliukunjua mkono wa mtoto, akautazama chini ya taa. Kiganja kilikuwa kimeanza kubadilika. Kwanza kwenye ncha za vidole, kisha katikati. Waridi. Ikapanda kwenye mkono, ikaja usoni, ikafika midomoni.

Fundi akaweka kidole kwenye kioo. "Mkwe, ile rangi ya afya inayokuja usoni mwa mtu, wenyewe wanaiita bloom."

"Na mimi yangu?"

"Yako ndiyo hiyo hiyo."

Jumatano, 25 Juni

Mvua imekata. Leo tumetoa hesabu za maneno. Mlinzi kalia kwenye key, hakuna anayejua kwa nini.

Kabla sijasimama, Mwalimu akasema, "Bibi, Fundi ameniomba nivunje sheria. Anasema neno lake ni lako kama bado unalitaka." Nikamwambia Fundi abaki na chake, mimi langu silitoi. Kisha nikasema niliyokusanya, ya farasi, ya ofisi, ya matusi, ya kuua na kula chakula. Nikasema ya baraka. Nikasema damu inapotolewa haina uvivu wala ukoo, ina joto tu. Nikakaa.

Alhamisi, 26 Juni

Godoro. Daftari hili nimeliweka juu ya godoro lako makusudi. Fundi kaniambia unaogopa kurudi. Nimemtuma akulete, na ukifika chumbani utalikuta. Lisome lote, hata pale nilipokutukana, na usisome haraka.

Lile shati sikulitupa. Doa halitatoka, ulilipika kwa maji ya moto, na mimi sitalijaribu tena. Liko msumarini, nimelipiga pasi. Livae. Mkono wa kushoto ukunje mpaka juu ya kiwiko, watu wa mtaani waone. Viatu viko mlangoni, vipya, si vyangu. Kisha nenda hospitalini ukamchukue dada yako na mwanawe, wanatoka leo. Na kabla hujamshika huyo mtoto, nawa mikono.